Kafuata ukoo au kadumaa? Kusoma kimo cha mtoto wa Kigoma

Chukua mvulana wa Kasulu anayetimiza miaka miwili. Akisimamishwa kwenye ubao wa kupimia, kimo chake ni sentimeta 80. Hana homa, anacheza, utepe wa kupimia unene wa mkono unaonyesha kijani, rangi ya usalama. Bibi yake anasema kafuata ukoo, babu yake naye alikuwa hivyo hivyo. Muuguzi anatazama jedwali la vimo na kuandika kwamba kadumaa, yaani ni mfupi mno kwa umri wake. Mama yuko katikati, na kauli zote mbili zinamuumiza: moja inamwambia hakuna la kufanya, nyingine inamwambia hakumlisha mwanawe.

Jedwali la muuguzi ni la Shirika la Afya Duniani, lilitolewa mwaka 2006. Mvulana wa miaka miwili kwa wastani hufika sentimeta 87, na mstari wa udumavu uko kwenye 81. Kwa msichana mstari uko kwenye 79 na ushei. Upande wa bibi una hoja ya haraka hapa: hivyo ni vipimo vya Wazungu, sisi Waha tuna maumbile yetu. Hoja hiyo haisimami vizuri. Watoto waliopimwa kutengeneza jedwali walitoka Brazil, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Walichaguliwa kwa sababu walinyonya vizuri na waliishi katika mazingira ya afya, na hadi miaka mitano vimo vyao vilikaribiana mno. Urithi unaeleza kwa nini mtoto huyu ni mfupi kuliko wa jirani. Hauelezi kwa nini watoto wa kijiji kizima ni wafupi.

Hata hivyo bibi hajakosea kabisa. Mstari wenyewe umechorwa mahali ambapo watoto wawili hivi kati ya 100 wenye afya tele wataangukia chini yake. Hao ni wafupi tu, basi. Sasa linganisha na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, ulioonyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wako chini ya mstari huo. Kwa hesabu hiyo, kati ya watoto 15 wanaoitwa wadumavu, labda mmoja ndiye ambaye bibi yake anasema kweli. Uwezekano huo ni mdogo mno kwa mtu kuutegemea akakaa kimya, lakini unatosha kumzuia muuguzi asimkaripie kila mama kwa jedwali peke yake.

Na urithi wenyewe una mtego. Madaktari hukadiria kimo ambacho mtoto atafikia ukubwani kwa kujumlisha kimo cha baba na cha mama, wakaongeza 13 kwa mvulana au kupunguza 13 kwa msichana, kisha wakagawa kwa mbili. Baba wa sentimeta 165 na mama wa 150 wanatarajiwa kupata mvulana wa 164 hivi na msichana wa 151, kila mmoja akiweza kuzidi au kupungua sentimeta nane. Kanuni ni nzuri, ila inachukulia kwamba wazazi walifikia kimo chao halisi. Mama aliyekulia njaa, au aliyebeba mimba akiwa na miaka 16 kabla mwili wake haujamaliza kukua, hakukifikia. Watoto wa Wamaya waliozaliwa Marekani na wazazi kutoka Guatemala waliwapita wenzao waliobaki kwa takriban sentimeta 10, ndani ya kizazi kimoja. Damu ni ile ile. Kwa hiyo "kafuata ukoo" wakati mwingine maana yake ni kwamba kafuata njaa ya ukoo.

Upande wa lishe nao una udhaifu wake, na mkubwa ni kudhani kwamba udumavu ni upungufu wa chakula ghalani. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu mwaka 2022 ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambako mahindi hayakosekani. Kigoma nako ziwa lina dagaa na migebuka, milimani kuna maharage na ndizi, na mawese yapo kila soko. Shida iko kwenye bakuli la mtoto wa miezi 6 hadi 24.

Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba kama mililita 240 tu, sawa na kikombe kimoja cha chai. Ukilijaza uji mwepesi, umelijaza maji. Uji unaofaa hukaa kwenye kijiko ukikiinamisha, haumwagiki kama chai. Unga wa muhogo hauna hata gramu 3 za protini katika gramu 100, wakati wa mahindi una kama 8. Mtoto anayekula ugali wa muhogo kwa mchuzi wa dagaa bila dagaa wenyewe anashiba kweli, lakini mifupa haipati cha kujengea.

Dawa yake haina gharama kubwa. Dagaa wakavu wachambuliwe mchanga, wakaangwe bila mafuta hadi wakatike kwa kidole, watwangwe na kuchekechwa. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo katika kila bakuli, pamoja na kijiko kidogo cha mawese mekundu, hubadilisha uji mzima. Mawese yasichomwe mpaka yakawa meupe, maana rangi ile ndiyo inayogeuka vitamini A mwilini. Miezi 6 hadi 8 apewe milo miwili au mitatu kwa siku, miezi 9 hadi 11 mitatu au minne, na baada ya mwaka milo hiyo hiyo pamoja na asusa moja au mbili, akiendelea kunyonya. Ule "unga wa lishe" wa nafaka sita pamoja na soya na karanga hausaidii kama jina lake linavyodai. Mahindi, ulezi na mchele ni kundi moja la chakula, soya isiyoiva vizuri huzuia protini isisagwe tumboni, na karanga zilizokaa kwenye unga huchacha au kuota kuvu wenye sumu.

Jambo jingine ni chumvi. Muhogo usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubaki na sumu ambayo, mwili ukiibadili, huzuia tezi ya shingo kutumia madini joto. Tezi ikilegea, mtoto hukua polepole na akili huchelewa. Uvinza pamejulikana kwa chumvi tangu zamani, lakini chumvi kuwa ya karibu hakuifanyi iwe na madini joto. Tazama maandishi ya pakiti.

Mtu atauliza: na vyoo je? Majaribio makubwa ya Kenya, Bangladesh na Zimbabwe, yaliyotoa matokeo mwaka 2018 na 2019, yaliboresha vyoo vya kawaida na unawaji mikono vijijini. Vimo havikuongezeka kwa sababu hiyo. Penye nyongeza ya chakula viliongezeka, ila kidogo. Haimaanishi choo si muhimu. Inamaanisha kwamba usafi wa kiwango hicho hautoshi kumzuia mtoto asimeze uchafu, hasa pale kuku na mtoto wanapogawana uwanja mmoja.

Kisha kuna watoto ambao si wa bibi wala si wa muuguzi. Ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao selimundu, moyo wenye hitilafu ya kuzaliwa, kifua kikuu, VVU, figo na malaria ya mara kwa mara hula nguvu ambazo zingekwenda kwenye mifupa. Mtoto wa namna hii ukimlisha zaidi bila kumpima unachelewesha tiba. Upungufu wa homoni ya ukuaji ni nadra, na hapo ndipo hupigwa picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto, inayoonyesha umri wa mifupa.

Je, yule mvulana wa Kasulu? Kipimo kimoja hakiwezi kuamua, na kwanza kiwe kipimo cha kweli. Chini ya miaka miwili mtoto hulazwa, kuanzia hapo husimama. Ukichanganya, tofauti ni kama milimita 7. Wapimaji wawe wawili, viatu vivuliwe, nywele zilizosukwa juu zifumuliwe, magoti yanyooke, visigino viguse ubao. Katika mwaka wa pili mtoto hurefuka kama sentimeta moja kwa mwezi, hivyo kosa la sentimeta moja linafuta mwezi mzima. Utepe wa mkono usimtulize mtu hapa, kwa kuwa unapima wembamba, na uzito wa kliniki nao unaweza kwenda sawa huku kimo kikibaki nyuma.

Apimwe tena baada ya miezi mitatu, halafu sita. Katika mwaka wa tatu anapaswa kuongeza kama sentimeta 8. Akiongeza hizo, akaenda sambamba na mstari wake wa chini, na wazazi wote ni wafupi, hoja ya bibi inapata uzito. Mstari ukizidi kuporomoka, bibi ameshindwa: anza na bakuli, na kama limerekebishwa na bado anabaki nyuma, apimwe damu. Baada ya miaka minne, mtoto anayeongeza chini ya sentimeta 5 kwa mwaka apelekwe kwa daktari, awe wa ukoo mfupi au mrefu.

Tahadhari ya mwisho ni kwa mtoto ambaye hakuna anayemgombania. Baba ana sentimeta 182, mama 170, na mtoto yuko juu kidogo tu ya mstari. Jedwali linamwita mzima, ilhali huenda amepoteza sentimeta nyingi kuliko yule wa Kasulu. Ndiyo maana inafaa kimo cha baba na cha mama kiandikwe kwa kalamu kwenye jalada la kadi ya kliniki, siku ile ile inapofunguliwa.