Tusimwulize mtoto hadithi inafundisha nini

Kila mwalimu wa shule ya msingi amewahi kuliuliza. Hadithi imekwisha, kitabu kinafungwa, na swali linatoka lenyewe: "Je, hadithi hii inatufundisha nini?" Mikono juu. "Inatufundisha tusiwe wachoyo, mwalimu!" Mpigieni makofi. Katika somo la Kiswahili sina ugomvi na swali hilo. Katika kipindi cha malezi na unasihi, yaani cha kumsikiliza na kumshauri mtoto, naomba tuliache kabisa, kwa sababu linamfunga mtoto mdomo pale pale alipokuwa karibu kusema.

Nilipokabidhiwa unasihi wa madarasa ya chini, nilifanya kama nilivyofanyiwa utotoni. Namwita mtoto ofisini, namkalisha, namuuliza ana tatizo gani. "Sina, mwalimu," anajibu, macho yako sakafuni. Huo si ukaidi. Mtoto wa miaka saba hana maneno ya kuitaja huzuni yake, tena amelelewa akijua kwamba ya nyumbani hayatolewi nje.

Kitabu cha picha kinamtua mzigo huo. Hasemi habari zake, anasema habari za yule wa kwenye picha.

Darasa langu la pili lilikuwa na watoto zaidi ya tisini, na kitabu cha ukubwa wa daftari hakionekani kwa aliyekaa nyuma. Kwa hiyo tulitengeneza kikubwa chetu kwa karatasi za manila, tukakishona kwa uzi wa katani. Kilimhusu mbuzi mdogo aliyehamishiwa zizi jipya. Nilifika ukurasa usio na neno hata moja: mbuzi amelala kwenye kona, wenzake wamelaliana upande wa pili. Nikauliza tu, "Mnaona nini?"

Mmoja akasema mbuzi anasikia baridi. Mwingine akasema anaumwa. Kisha binti mmoja, ambaye tangu ahamie kwetu hakuwahi kunyoosha mkono, akasema polepole, "Hajalala. Anajifanya amelala ili wasimseme."

Darasa zima kimya. Sikumgeukia nikamuuliza, "Na wewe je?" Nikauliza, "Angependa nani aje akae naye?" Wakataja: mama yake, kondoo, mchungaji. Yule binti akasema, "Bibi yake." Siku mbili baadaye alinifuata mwenyewe chini ya mwembe, akanieleza kwamba bibi aliyemlea amefariki.

Siku ile ningefunga kitabu na kuuliza mafunzo, wangeniambia tusiwatenge wageni. Ni jibu sahihi, na yule binti angejificha nyuma yake mpaka leo.

Wenzangu hunikumbusha kwamba hadithi zetu tangu zamani zimebeba maadili. Ni kweli. Lakini nakumbuka pia jioni za "Paukwa! Pakawa!" Bibi yangu alimaliza hadithi akanyamaza, nasi tukaenda kulala nayo. Tulikuwa tukiigeuzageuza kichwani siku nyingi bila kutahiniwa na mtu.

Picha nazo zichaguliwe. Mwaka 1990 msomi wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika kwamba kitabu kinaweza kuwa dirisha la mtoto kuona maisha ya wengine, na kinaweza kuwa kioo cha kujiona mwenyewe. Maboksi ya vitabu vya msaada yanatuletea madirisha mengi: theluji, nyumba zenye moto wa kuota ukutani. Nayapenda. Ila kwa unasihi nahitaji kioo, yaani paa la bati, foleni ya maji, dada wa miaka kumi aliyembeba mdogo wake mgongoni. Mwalimu mwenye simu anaweza kuvipata vya namna hiyo kwa Kiswahili kwenye African Storybook, mradi ambao tovuti yake ilizinduliwa 2014 na unaoruhusu kuchapa hadithi zake bure.

Kuna jambo moja linaniuma zaidi ya uhaba wa vitabu. Kanuni zetu za Tanzania bado zinaruhusu viboko hadi vinne kwa idhini ya mwalimu mkuu, na mara nyingi anayeshika fimbo asubuhi ndiye mnasihi mchana. Mtoto anauona mkono ule ule ukifunua kurasa. Binafsi niliacha kuingia na fimbo kwenye kipindi hicho, kisha nikaiacha kwenye vipindi vyote.

Na mtoto akisema jambo zito, la kupigwa au kuguswa vibaya, usilichimbue mbele ya wenzake. Fungua ukurasa unaofuata kwa utulivu, umtafute baadaye mahali penye faragha. Ipo namba 116 ya kumsaidia mtoto, wapo maafisa ustawi wa jamii, na lipo dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Usibaki na siri hiyo peke yako.

Siku hizi hadithi ikiisha sikifungi kitabu. Nakiacha wazi mezani, nasahihisha madaftari. Kengele inalia, darasa linamwagika nje, na karibu kila mara kuna mmoja au wawili wanaochelewa kutoka, wanasogea mezani, wanaweka kidole juu ya picha.