Kuhesabu radi za Ziwa Victoria: dakika 20 zinamtosha nani?

Desemba 2022 Ulaya ilirusha setilaiti ya hali ya hewa yenye kamera nne zinazotazama Ulaya na Afrika usiku na mchana, picha 1,000 kwa sekunde, zikisaka kitu kimoja tu: mmweko wa radi. Kwa Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 na rada za kuhesabika, si jambo dogo. Setilaiti iliyotangulia ilileta picha ya mawingu yetu kila baada ya dakika 15. Wingu la ziwani linaweza kufura na kuua ndani ya muda huo.

Hoja ya wanaotaka radi zihesabiwe ili kutoa tahadhari ya dhoruba ina mashiko. Radi huzaliwa pale hewa inayopanda kwa nguvu ndani ya wingu inapozigonganisha chembe za barafu. Hewa ikizidi kasi, migongano huongezeka, na radi nazo. Ndiyo maana radi nyingi peke yake haisemi kitu (ziwani hunguruma karibu kila siku). Kinachosema ni idadi kuruka ghafla. Watafiti wa Huntsville, Alabama, waliifuatilia miruko hiyo wakakuta hutangulia mvua ya mawe, upepo mkali au kimbunga cha nchi kavu (tornado) kwa wastani wa dakika 20 hivi. Takriban theluthi moja ya tahadhari, hata hivyo, hazikutimia.

Dakika 20 zinamtosha mtu mwenye gari na nyumba ya matofali. Mvuvi wa dagaa je? Yeye hutoka usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, ili taa zake zivute samaki. Mchana upepo hutoka ziwani na mawingu hujijenga nchi kavu. Usiku hugeuka, hewa ya pande zote ikakutana juu ya maji, na dhoruba hupamba moto kuelekea alfajiri. Saa hiyo ndiyo yuko mbali na mwalo. Tena kinachopindua mtumbwi kwa kawaida si radi, ni upepo unaoporomoka kutoka winguni na kukimbia mbele ya mvua.

Kwa hiyo mimi ningezihesabu radi mapema zaidi. Mwaka 2017 mtafiti wa tabianchi Wim Thiery na wenzake walionyesha kwamba dhoruba za alasiri kwenye nchi kavu inayozunguka ziwa hudokeza usiku utakavyokuwa majini. Wao walitumia vilele vya mawingu, si radi, lakini radi zinaweza kuongezwa kwenye hesabu hiyohiyo. Tahadhari ya saa kumi na moja jioni, nyavu zikiwa bado mchangani, naithamini kuliko ya saa tisa usiku.

Ila jioni ndipo kosa linapokuwa ghali. Aliyebaki nyumbani kwa tahadhari iliyokosea amepoteza usiku mmoja wa giza, pengine na petroli ya mkopo, na tajiri mwenye mtumbwi hatamwelewa. Kosa likirudiwa mara mbili, tahadhari ya tatu haisikilizwi. Ningependa kila mwalo uwe na ubao: katika kipindi hiki cha usiku wa giza zimetolewa tahadhari ngapi, ngapi zimetimia, ngapi zimekosa. Mvuvi hupima hatari kila anapotia mashine majini. Apewe na hesabu hiyo.