Kabla ya Kuuliza Bei, Niambie Uliichimba Wapi

Nimetumiwa tena picha ya sarafu kiganjani. Imesuguliwa kwa msasa mpaka inameta, na chini yake maneno: "Ya mwaka 1299, ina miaka zaidi ya 700, mteja serious aje na ofa." Aliyeituma ni kijana wa huku kwetu Lindi. Aliazima detekta, ile mashine inayolia ikigundua madini ardhini, kwa wachimba dhahabu, akaizungusha kwenye mahame karibu na ufukwe mpaka ikalia.

Sarafu hiyo naijua. Upande mmoja una maandishi ya Kiarabu, upande wa pili una mizani yenye vitanga viwili, na chini ya mizani kuna tarakimu za Kiarabu zinazosomeka 1299. Huo ni mwaka wa Hijria, sawa na 1881 au 1882 kwa kalenda tunayoitumia ofisini. Ni pesa ya shaba ya Seyyid Barghash wa Zanzibar, ya kununulia vitu vidogo vidogo sokoni. Miaka yake ni kama 140. Na wanaoapa kwamba mizani ile ni alama ya majini waache kutisha watu. Ni mizani tu, alama ya haki na kipimo.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, uliitoa kina gani, na pembeni yake kulikuwa na nini?" Akanijibu, "Kaka, hayo ya nini? We sema bei."

Hayo ndiyo yote! Kitu cha kale kikishatolewa ardhini bila mtu kuandika kilipolala, nusu ya habari yake imekufa, na hakuna profesa wa kuifufua. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, watafiti walichimba fungu la sarafu zaidi ya 2,000 za fedha. Ni vidude vyepesi vyenye majina ya watawala wa pwani hii, na havina mwaka. Ungeokota kimoja ukakipeleka popote duniani, wangekuambia ni cha zamani, basi. Lakini fungu lile lilikuwa pia na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa zamani wa Misri, na dinari za Wafatimi huandikwa mwaka na mahali zilipopigwa chapa. Kwa kuwa zilizikwa pamoja na zikachimbuliwa pamoja, dhahabu ikatoa ushahidi kwa niaba ya fedha, tukajua kwamba watu wa pwani hii walikuwa na sarafu zao wenyewe katika karne ya 11. Sasa fikiria fungu lile lingeangukia mikononi mwa mtu mwenye detekta na haraka ya kuuza. Dhahabu ingekwenda kwa sonara jioni ileile, na zile za fedha zingegawanywa kwa wapita njia. Karne nzima ya historia yetu ingeyeyushwa ikawa pete.

Mfano wa pili unaniuma zaidi kwa sababu ni wa Kilwa. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, akiwa amepangiwa kazi kwenye kisiwa cha Marchinbar kaskazini ya nchi yao, aliokota mchangani sarafu tisa. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za shaba, na zilikuja kutambuliwa miaka mingi baadaye kuwa za masultani wa Kilwa. Kilwa hii hii! Kwa mnunuzi wa mtaani shaba ile haina thamani yoyote, maana magofuni Kilwa Kisiwani zimepatikana nyingi. Uzito wake wote uko katika swali la mahali: imefikaje huko, ng'ambo ya bahari nzima? Na tunaweza kuuliza swali hilo kwa sababu Isenberg aliweka alama ya X kwenye ramani mahali alipoziokota. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Ian McIntosh walikwenda huko na ramani ile. Fumbo halijafumbuliwa, lakini lipo, na linatuhusu sisi.

Halafu msasa. Naomba, kwa yeyote anayenisoma: usisugue. Zile za Kilwa zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande mbili zinalingana vina kama beti za shairi. Herufi zake ni nyembamba mno, mara nyingi zinasomeka ndani ya ile kutu ya kijani yenyewe. Ukiiondoa kwa msasa au kwa ndimu na majivu, umeondoa vina, na umebaki na kipande cha shaba kisicho na jina.

Kuandika kitu kilipolala hakuhitaji elimu kubwa. Kabla hujakitoa, piga picha kikiwa bado shimoni, na simu yako ihifadhi mahali. Kisha pande zote mbili, na rula pembeni. Sonara yeyote atakupimia uzito. Vigae, shanga na mifupa iliyokizunguka iache ilipo. Afadhali zaidi, ukiona uko kwenye mahame, zima mashine, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa anayechimba vitu hivi.

Kuhusu mali ya Mjerumani, ile inayosemwa kwamba Wajerumani waliifukia, nitasema kidogo. Ndiyo, sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo zilipigwa chapa Tabora mwaka 1916. Hazikuzikwa chini ya kila mbuyu. Na huku kwetu, ambako Mahiwa palipiganwa vikali mwaka 1917 katika Vita ya Kwanza ya Dunia, detekta inaweza kulilia kombora ambalo halijalipuka. Ukikutana na chuma kizito chenye umbo la chupa, ondoka, waite polisi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kijana naye ana hoja. Makumbusho yako mbali, nauli ni yake, na anaogopa kwamba atapokelewa kama mwizi. Uingereza walilitatua hilo kuanzia 1997 kwa kuweka maofisa mikoani wanaopokea vitu kutoka kwa watu wa detekta, kuviandika na kumrudishia mwenyewe vile visivyo hazina kisheria. Vilivyoandikwa vimepita milioni moja. Sisi kila halmashauri ina afisa utamaduni. Apewe daftari, rula, mzani mdogo na mamlaka ya kutoa stakabadhi yenye jina la aliyeokota na mahali alipookotea. Waziri anayehusika anaweza kuanza na Kilwa, Lindi na Mikindani, hata mwaka huu wa fedha.