Jenerali aliyemwahidi mfalme vikosi vinne

Jenerali Thomas Gage husemwa vibaya na pande zote. Wamarekani wanamkumbuka kama gavana wa Massachusetts, koloni la Uingereza, aliyefunga bandari ya Boston na kupeleka askari Lexington na Concord, ambako vita vya uhuru wa Marekani vilianzia. Askari wake mwenyewe walimwita bibi kizee, wakiona anawadekeza waasi. Mimi kosa lake naliona kwingine kabisa. Nalikuta kwenye maneno aliyomwambia mfalme Februari 1774, hata kabla hajapewa ugavana.

Desemba iliyotangulia, watu wa Boston walikuwa wamemwaga baharini masanduku 342 ya chai ya Kampuni ya India Mashariki wakipinga kodi ya Bunge la Uingereza, na London ilikuwa inafoka. Gage, mkuu wa majeshi ya Uingereza Amerika Kaskazini tangu 1763, alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Mfalme George III akamwita. Gage akamwambia kwamba watu wale watakuwa simba maadamu Uingereza inajifanya mwanakondoo, lakini ikikaza watanywea. Vikosi vinne tu vikipelekwa Boston, vingetosha kuzuia fujo. Mfalme alifurahi mno, na siku hiyohiyo akamwandikia waziri wake mkuu, Lord North, kumpa habari.

Huwezi kumtetea kwamba hakuijua nchi. Alifika huko 1755, akanusurika kwenye kipigo ambacho Waingereza walipata kwa Wafaransa na washirika wao wenyeji karibu na mto Monongahela, vita ambavyo George Washington, aliyekuja kuongoza jeshi la waasi, alikuwa upande mmoja naye. Mkewe, Margaret Kemble, alizaliwa New Jersey. Mtu aliyeishi Amerika karibu miaka 20 alijua kwamba kila mji wa Massachusetts una wanamgambo wake na mkutano wake wa hadhara, na kwamba watu wale hawakuzoea kuamriwa. Alijua, lakini mbele ya kiti cha enzi akasema kile ambacho masikio ya mfalme yalikuwa yanakitafuta. Mdomo ukaponza kichwa.

Alishuka Boston Mei 1774 kutoka kwenye manowari iitwayo Lively, akiwa na sheria mpya za Bunge za kuliadhibu koloni na kulipunguzia madaraka yake. Tarehe 1 Juni bandari ikafungwa hadi chai ilipwe. Mji wa watu kama 15,000 walioishi kwa bahari ukakatwa bahari yake.

Kuna karatasi moja ya mwezi ule ambayo naona inastahili kusomwa na kila Mwafrika. Tarehe 25 Mei, siku chache tu baada ya Gage kushika madaraka, Waafrika waliokuwa watumwa Massachusetts walimpelekea ombi yeye na baraza la koloni. Waliandika kwamba uhuru ni haki yao ya asili kama watu wengine wote; kwamba mkono katili wa wenye nguvu uliwaburuta kutoka kwa wapendwa wao, wengine wakiibwa vifuani mwa wazazi wao, kutoka nchi yenye watu wengi, nzuri na yenye neema. Tahajia inayumba kila mstari, hoja haiyumbi popote. Waliomba uhuru wao, na uhuru wa watoto wao wafikapo miaka 21. Hawakupewa. Wazungu waliokuwa wakilia kwamba Bunge la London linawageuza watumwa waliendelea kumiliki watumwa, na gavana aliyetumwa kulinda sheria alilinda na hiyo. Nikisikia watu wakibishana nani alikuwa na haki Boston mwaka ule, mfalme au wakoloni, narudi kwenye karatasi ile.

Septemba ndipo ahadi ya vikosi vinne ilipoporomoka. Tarehe mosi, Gage aliwatuma askari alfajiri kwa mashua kuchukua baruti ya serikali kwenye ghala lililokuwa nje kidogo ya mji. Walibeba mapipa madogo 250, bila risasi hata moja kulia. Lakini uvumi ulikimbia kuliko farasi: manowari zinaupiga mji mizinga, watu wamekufa. Kufikia kesho yake maelfu ya wanaume walikuwa barabarani kuelekea Boston.

Siku nne baadaye, katika mji wa Worcester, magharibi ya Boston, wanamgambo 4,622 walijipanga kando ya barabara kuu, pande zote mbili. Majaji na maofisa wa mahakama ya mfalme wakalazimishwa kupita katikati yao, kofia mkononi, kila hatua chache wakisimama kusoma tamko la kujiuzulu ili kila kikundi kisikie kwa masikio yake. Walilisoma zaidi ya mara 30. Hakuna aliyeuawa. Nadhani mapinduzi yenyewe yalitokea pale, miezi saba kabla ya Lexington: serikali iliondoka ikitembea kwa miguu, huku jenerali akijenga ngome kwenye shingo ya nchi kavu iliyounganisha Boston na bara. Hata mafundi wa kumjengea askari wake kambi walimgomea.

Hapo sasa Gage alianza kusema kweli. Aliandika London kwamba utawala wa kiraia unakaribia mwisho wake. Novemba akaandika kwamba wakidhani watu 10,000 watatosha, walete 20,000. Wakidhani pauni milioni moja zitatosha, watoe mbili, kwani mwishowe wataokoa damu na fedha. Akapendekeza pia sheria zile zisimamishwe kwa muda. Mfalme alisema hajawahi kusikia wazo la kipuuzi zaidi. Namwelewa mfalme kwa hilo moja: mtu yuleyule, miezi tisa nyuma, alimwahidi vikosi vinne.

Kwa nini hakujiuzulu? Swali hili ndilo linaloniuma. Aliyajua maji yamefika shingoni, akayaandika, kisha akasubiri amri. Amri ilitiwa saini Januari 1775, ikamfikia tarehe 14 Aprili: awakamate viongozi, kwani waasi wale ni kundi la wahuni wasio na mpango. Siku tano baadaye askari wake walirudi kutoka Concord wakipigwa risasi njia nzima, 73 wakiwa wamekufa. Juni 17, kwenye vita vya Bunker Hill, mlimani Charlestown ng'ambo ya Boston, wakafa wengine 226.

Asubuhi ya siku hiyo ya Juni, meli ya kwanza kuyafyatulia mizinga maboma ya wakoloni ilikuwa Lively, ileile iliyomleta. Oktoba aliitwa nyumbani, na jeshi akaachiwa jenerali mwenzake, William Howe.