Shinden iingizwe, lakini pamoja na kasoro zake
Nimesoma habari kwamba waundaji wa mchezo mmoja wa video wa vita vya angani wanafikiria kuongeza ndege za majaribio za Japani za mwaka 1945. Naunga mkono, mradi wachezaji waelezwe kipi kilipimwa na kipi kilikadiriwa tu. Mojawapo ni Shinden, ndege ya kivita ya kampuni ya Kyushu. Ndege hiyo, yenye rafadha nyuma, mabawa madogo puani na iliyosanifiwa kubeba mizinga minne ya milimita 30, iliruka mara tatu tu mwezi Agosti, tena bila kukunja magurudumu, kwa hiyo ile kasi ya kilomita 750 kwa saa inayotajwa kila mara ni hesabu ya wasanifu, wala haikupata kufikiwa angani. Vilevile ilikuwa ikivutwa kulia kwa nguvu ya injini, na kasoro hiyo ningependa kuihisi mchezoni.