Ndiyo, Nilimwita Mama. Lakini Mama Alikuwa Hewani

Nimeisikia ile sauti Mmombasa aliyoirekodi juu yangu na yule bata mzinga tuliyekwenda kumwinda. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Imezunguka kundi la Waswahili wa Columbus, hapa Ohio, Marekani, ikavuka bahari, na jana imenirudia kutoka kwa binamu yangu wa Muscat ambaye hatujasemeshana tangu arusi yake. Hakuandika hata neno. Kaweka vile vikatuni vya kucheka hadi machozi, tisa. Nilivihesabu.

Basi ngoja na mimi niseme, maana huyo Mmombasa aliyerekodi ni rafiki yangu, tumefuturu sahani moja, na namjua: hadithi haimtoki mpaka aitie chumvi ya kilo. Anasema nilipigwa na maiti. Anasema nilimlilia mama yangu porini. Hilo la pili ni kweli. Ila hakuwaambia kwamba mama alikuwa kwenye simu.

Binti yangu ana miaka 11. Msimu wote wa baridi alikuwa kwenye kozi ya uwindaji, akafaulu mtihani, akaanza kunisomea kanuni mezani kama mwalimu wa madrasa: mtutu usimwelekee mtu, kidole kikae mbali na kifyatulio, usivae nyekundu wala nyeupe wala buluu. (Kichwa cha bata mzinga dume kina rangi hizo hizo tatu. Ukizivaa porini, mwindaji mwenzio anaweza kukugeuza kitoweo.) Hapa Ohio kuna wikiendi moja kila Aprili ambayo ni ya watoto peke yao. Mtu mzima anamsindikiza mtoto, lakini haruhusiwi kuwinda. Kwa kifupi, mimi nilikwenda kama mzigo.

Ningelikubali hilo, leo msingekuwa mnanicheka. Badala yake njia nzima nilimhadithia mtoto jinsi sisi watoto wa Pangani tulivyokuwa tunawatega kanga. Nyie mnaonifahamu tangu utotoni, nyamazeni. Kanga niliyewahi kumtega ni mmoja, na alikuwa kuku wa jirani.

Shamba liko kwenye vilima vya kaunti ya Athens, mwendo wa saa moja na nusu. Mwenyewe ni mzee mmoja wa Kimarekani, mstaafu, ambaye Mmombasa humtengenezea trekta lake. Alituandikia ruhusa kwenye karatasi, maana sheria inataka hivyo, akatupa kahawa, akatuambia kwamba babu yake alilima pale bila kumwona bata mzinga hata mmoja. Walikuwa wameshamalizwa Ohio nzima kufikia 1904, na serikali ikaanza kuwarudisha 1956. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Tuliswali alfajiri pembeni ya gari, tukaingia msituni, tukaketi chini ya mti mnene. Wote watatu kwenye kombati. Bongo ningeonekana hivyo, wanajeshi wangenirusha kichura hadi magharibi. Mzee alikuwa ameshatuonya: huyu ndege pua yake si kitu, lakini macho! Ukikuna shavu tu, ameshakuona, na humwoni tena.

Mmombasa alikuwa na kile kisanduku cha mbao. Unakikwaruza kwa kifuniko chake, kinatoa sauti ya jike aliyekosa subira. Dume likajibu mbali huko, gulugulugulu, mara mbili. Kisha kimya. Nusu saa nzima kimya, baridi inaniingia mpaka kwenye fizi.

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Tanga ni saa nane na dakika kumi mchana: mama ameshaswali, ameshakula wali wake, sasa anatafuta mtu wa kumlaumu. Simu ikalia. Nilikuwa nimezima simu, tena kwa uangalifu sana, ila niliyozima ni ile ya kazini. Na mlio wa hii nyingine mnaujua: taarabu, pale pale mwimbaji anapopandisha sauti.

Msitu mzima ukapigwa kijembe.

Na ndege akajibu! Wallahi. GULUGULUGULU! Nyuma ya kichaka, mita 60 hazifiki. Mzee alinieleza baadaye kwamba dume msimu huu hulipuka kwa sauti yoyote ya ghafla: bundi, radi, mlango wa gari. Basi na taarabu imo. Nilipokata simu Mmombasa alikuwa ananitazama kwa jicho la kunizika, halafu jicho likalainika, maana bwana harusi alikuwa anakuja.

Akaja kwa maringo. Mkia ameufungua kama upepeo, kifua mbele, ndevu zinaning'inia kifuani kama brashi ya viatu, kichwa mara chekundu mara cheupe. Mtoto kaegemeza bunduki yake ndogo ya marisau kwenye kijiti, hatikisiki. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka. "Baba," akaninong'oneza, "usipumue." Akangoja mpaka hatua 25. Nikamsikia: "Bismillahi, Allahu Akbar." Paa! Ndege chini.

Hapo ndipo nilipotakiwa nibaki nimekaa.

Lakini mimi nimelelewa hivi: windo ukilifikia lingali hai, lichinje. Wanazuoni wana maneno yao marefu juu ya risasi. Mimi nilikuwa na kisu. Mke wangu alikinoa usiku, akakifunga kwenye kipande cha khanga. Nikaona pia hii ni picha ya kumtumia mama. Nikampa mtoto simu, nikamwambia nipige nikichinja, nikatimua mbio.

Sasa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo Mmombasa alipoharakisha.

Ndege kalala ubavu, ametulia. Nikapiga magoti. Kutoka Ohio Kibla ni kaskazini-mashariki, nilikuwa nimeshaipima tangu nyumbani, na yeye alikuwa ameelekea kijito, kusini. Lazima nimgeuze. Kumgeuza kunataka mikono miwili. Kisu nikakibana menoni kama haramia, nikamshika miguu yote miwili. Na ndipo likanijia swali: mtu mwenye kisu mdomoni anasemaje Bismillah?

Sikupata muda wa kulijibu. Bawa la kwanza lilinikuta sikio la kushoto. Si kofi, ni mlango. La pili likachukua miwani, ikapaa, nikaiona ikipaa, nikasema moyoni ile ni ya mkopo. Kisha miguu ikaanza kupiga baiskeli. Dume la bata mzinga lina vipi, ile miiba ya mguuni kama ya jogoo, na kipi kimoja kiliingia kwenye suruali yangu juu ya paja kikashuka nayo mpaka gotini, krrrr, taratibu, kama fundi anayepasua kitambaa dukani.

Kwa nini sikumwachia? Msiniulize. Nilimlalia. Kilo tisa na ushei za ndege na kilo themanini na nne za mjinga, tukazunguka kwenye matope. Tulipita Kibla mara tatu.

Na katikati ya hayo, kumbe mama kapiga tena, nikasikia sauti ya mwanangu, imetulia kabisa: "Shikamoo, Bibi. Baba yupo. Anamkumbatia ndege. Ngoja nikuonyeshe."

Amenigeuzia kamera.

"Huyo ndiye mwanangu?" ikasema simu. "Mbona haniamkii?"

Kisu kikaanguka. "Mama!" nikapiga kelele. Hiyo ndiyo "Mama" mnayoisikia kwenye sauti ya Mmombasa, naomba muielewe. "Mama! Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Na huyo uliyemlalia ni nani?"

Nyuma yake nikasikia vicheko vya baraza zima. Jumamosi. Jumamosi mama huwa na wageni.

Mmombasa alikuwa ameketi chini, mkono kashika tumbo. "Wee! Huyo ashakufa! Wapigana na maiti!"

Nikapapasa kisu, nikakipata, Kibla ilipopita mara ya nne nikasema Bismillah kwa sauti ya kusikika mpaka Pangani, nikachinja. Baraza la Tanga likapiga vigelegele. Sijui vilikuwa vya nani kati yetu.

Yaliyobaki si mengi. Nilipoinuka mtoto alikuwa zamani ameshaondoa risasi na kuilaza bunduki kama walivyomfundisha. Akamsajili ndege mwenyewe kwa simu siku ile ile. Kilo tisa na nusu, ndevu sentimita 24. Miwani ilipatikana kijitoni, kioo kimoja. Nilirudi Columbus nimejifunga kikoi cha kuswalia.

Mzee mwenye shamba naye anashikilia kwamba ndege akipigwa kichwani hupapatika hata dakika nzima baada ya kufa, mishipa tu. Mimi nasema alikuwa hai, aliniangalia. Na sigombanii heshima yangu, hiyo imeshazama kijitoni. Lakini kama alikuwa maiti, mimi nilichinja nini, na biriani ya Jumapili mlikula ya nini? Mmombasa huyo huyo alijipakulia sahani tatu, tena paja, ambalo lilichemshwa saa tatu likabaki na msimamo wake.

Mama kapiga tena asubuhi. Hakuniuliza hali, hakuuliza sikio. Alimtaka mwindaji. Wamezungumza robo saa chumbani, mlango umefungwa, halafu mtoto akatoka kuniambia walivyokubaliana: mwakani kisu anashika yeye, mimi nishike simu.