Gari iko gereji, mama

Ndugu zangu wenye magari, na nyie mnaorejesha mikopo ya magari mliyokwisha kuyauza, leo naomba niongee kama raia. Ibara ya 16 ya Katiba inanipa haki ya faragha. Mwaka 2022 ikatungwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nikatembea kifua mbele.

Juzi niko Mikese. Kibao cha 50 kipo. Cha kumaliza 50 wauza vyuma chakavu walishapita nacho. Trafiki, mzee wa tochi ya kupima mwendo, kajibanza nyuma ya mwembe, picha ikanitangulia kwa WhatsApp, mbele wenzake wakaniandikia faini 30,000. Sawa, tumezoea.

Jioni mama mkwe kapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Gari bado iko gereji?"

"Bado mama, gia boksi imeshushwa chini." (Anataka nikamchukulie magunia ya mahindi Korogwe. Kwa kigari kile!)

"Fundi mwenyewe mzuri?"

"Mzuri mama, ila mwendo wake wa polepole."

"Polepole? Mbona huku naona Mikese, kuzidisha mwendo, tarehe ya leo? Gari isiyo na gia boksi inazidishaje mwendo, mwanangu?"

Nikakohoa. Nikasema mtandao unakatakata. Akasema yeye ananisikia vizuri mno, je, anisomee na lile deni la Chalinze?

Jamani! Kuona salio langu mwenyewe naulizwa namba ya siri. Kuona madeni ya gari langu kwenye mtandao wa trafiki, yeyote anaandika namba ya gari tu, anamwagiwa kosa, mahali na tarehe. Na namba hizo nimelazimishwa kisheria kuzibandika mbele na nyuma! Za kwangu mama mkwe alizikariri tangu alipozipeleka kwa shehe ziombewe dua.

Wale vijana wa maegesho siwasemi. Ukishuka kununua vitumbua, umeshapigwa picha.

Kumbe aliyemfundisha bibi ni Zuhura wangu, wa darasa la tano. Jedwali la saba linamshinda, namba ya gari ya baba haimshindi. Na bibi simu yake haina bando, anarushiwa kutoka kwangu. Jana nimenunua la wiki nzima, leo asubuhi ujumbe: umetumia asilimia 75. Nimetumia mimi? Na nini? Hata video sifungui, nasoma vichwa vya habari tu, tena vifupi!